Chombo cha Mtu Mmoja: Kayaki, Mshipi na Bahari

La Jolla, kaskazini kidogo ya katikati ya jiji la San Diego huko California, ina neema ambayo pwani nyingi hazikujaliwa: kilindi kiko mlangoni. Korongo la chini ya bahari linaanzia mita mia chache tu kutoka ufukwe wa La Jolla Shores, kisha linateremka hadi kina cha mamia ya mita. Kusini mwake umetanda msitu wa mwani mkubwa, ule ambao hali ikiwa nzuri huweza kurefuka sentimita 60 kwa siku moja na hatimaye kupita mita 30. Samaki wadogo hujificha humo, na wakubwa huwafuata. Ndiyo maana alfajiri, kabla jua halijachomoza, watu huonekana mwisho wa barabara ya Avenida de la Playa wakishusha kayaki juu ya magari, wakiziburuta mchangani na kuingia nazo majini, kila mtu na chombo chake.

Mwenye boti ya injini hulazimika kulipia gati, kununua mafuta na kuzunguka rasi ndipo afike hapo. Mwenye kayaki hupiga kafi robo saa akawa juu ya samaki. Hana kelele, hana harufu ya petroli, na mwani unaozinga rafadha za wenzake yeye hupita juu yake akiteleza.

Lakini kayaki ina masharti yake. Mvuvi ameketi ameelekea omo, miguu ameinyoosha, na hana pa kusimama wala pa kugeukia. Kitu kilicho nyuma ya mgongo wake ni kama kimeachwa nyumbani. Na siku chombo kitakapopinduka, kila ambacho hakikufungwa kitakwenda chini. Kuandaa kayaki kwa uvuvi wa baharini, kwa hiyo, ni kujibu maswali mawili kwa kila kifaa: je, mkono utakifikia bila mwili kupinda? Na je, kayaki ikilala juu chini, kitakuwa wapi? Maduka huuza mamia ya vikorokoro ambavyo havijibu hata moja ya maswali hayo.

Wavuvi wa California hawakuwa wa kwanza kujiuliza hivyo. Kayaki tangu asili yake ni chombo cha kutafutia chakula, si cha kutembelea. Wainuiti wa Greenland waliiunda kwa mifupa na mbao zilizoletwa na mawimbi, wakaivika ngozi ya sili, na sitaha yake waliipanga kwa uangalifu mkubwa. Mbele ya mwindaji palisimama kiweko kidogo cha duara, na juu yake kamba ya chusa ikiwa imeviringwa tayari kukimbia bila kukwama. Nyuma yake lilifungwa boya la ngozi ya sili iliyojazwa hewa: chusa ikishampata mnyama, boya lilitupwa majini limchoshe, chombo kisivutwe. Mikanda ya ngozi iliyokatiza sitaha ilishika silaha, kila moja mahali pake pa siku zote, ili mkono uipate hata macho yakiwa kwenye windo. Fundi yeyote wa leo anayejifunza kupanga kayaki ya uvuvi angefaidika kwa kuutazama mpangilio huo katika jumba la makumbusho kabla hajafungua katalogi ya duka.

Kayaki ya Greenland, hata hivyo, ilimziba mtu kiunoni. Ilipopinduka, mwindaji aliirudisha wima kwa mzungusho wa kafi huku bado yumo ndani, ustadi uliojifunzwa tangu utotoni. Kwa mtu wa mjini anayevua mwishoni mwa wiki, mlango ulifunguka mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Malibu, pale Tim Niemier alipochukua ubao wa kutelezea mawimbini na kuchonga kiti juu yake. Ndivyo ilivyoanza kayaki ya kukalia juu, na kampuni aliyoianzisha, Ocean Kayak, ikaisambaza duniani. Siri yake ni matundu yanayopenya kutoka sitahani hadi chini ya chombo. Wimbi likimwagika kitini, maji hushuka yenyewe na kurudi baharini. Hakuna maji ya kukumba wala chumba cha kujaa; bodi lenyewe limefungwa na lina hewa ndani. Mtu akianguka, huigeuza kayaki, hujivuta juu yake kwa tumbo, kisha huketi.

Badiliko la pili lilikuja mwaka 1997. Kampuni ya Hobie, iliyotokana na kazi za Hobie Alter, mtengenezaji wa mbao za mawimbini wa California, ilitoa mtambo wa pedali unaoendesha mapezi mawili chini ya chombo, yakipepea kushoto na kulia. Miguu ndiyo inayosukuma, mikono ikabaki huru kwa fimbo na mshipi. Kwa anayerambaza, yaani anayekokota chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, faida yake ni kubwa mno: samaki akila, hakuna kafi la kuweka kando. Hasara zipo pia. Kayaki za pedali ni nzito na ghali, na mtambo hauna budi kukunjwa au kutolewa katika maji mafupi na kwenye mawimbi yanayovunjika. Anayeanza anaweza kuishi vizuri kwa kafi, na kafi lazima awe nalo hata akiwa na pedali.

Kayaki nyingi za baharini huwa na urefu wa mita 3.6 hadi 4.9 na upana wa sentimita 70 hadi 85. Ndefu na nyembamba huenda kasi na hukata mawimbi. Fupi na pana hutulia lakini huchosha mikono, hasa upepo ukiwa usoni. Wauzaji hupenda kusifu upana, kwa sababu mnunuzi akikalia kayaki pana dukani hujisikia salama. Baharini mtu anahitaji zaidi uwezo wa kurudi ufukweni upepo ukigeuka, na urefu ndio unaompa uwezo huo.

Kisha huja hamu ya kutoboa. Wenye uzoefu husema kayaki mpya itumike kwanza ikiwa tupu, mara kadhaa, bila tundu hata moja. Baada ya hapo iwekwe nyasini, mwenyewe aketi humo akiwa amevaa jaketi lake la kuokolea maisha, ashike kafi na kulipiga hewani kwa nguvu zote, kushoto na kulia. Rafiki mwenye chaki aweke alama pale vidole vya mpiga kafi vinapopita. Ndani ya eneo hilo hapafungwi kitu. Nje yake, lakini bado ndani ya urefu wa mkono, ndipo mahali pa vishikio vya fimbo.

Vishikio ni vya aina mbili. Vya kuzamisha, ambavyo ni bomba lililotumbukizwa kwenye bodi nyuma ya kiti, hubeba fimbo wakati wa safari. Vya juu, vyenye shingo inayozunguka, huwekwa mbele ili mvuvi aone ncha ya fimbo anaporambaza. Kila fimbo hufungwa kamba fupi inayoishikiza kwenye chombo, maana fimbo ya kuvulia yenye rili huzama moja kwa moja. Kafi nalo hufungwa. Kisu, koleo la kutolea ndoano na hata chupa ya maji vina kamba zao. Kamba zikizidi, lakini, huwa mtego kwa aliyetumbukia, kwa hiyo ziwe fupi, na kisu kikae kifuani kwenye jaketi mahali ambapo mkono wowote kati ya miwili utakifikia.

Kutoboa kwenyewe si kazi ya kuogopwa, ila ina adabu zake. Kayaki nyingi ni za plastiki ya polithini, na plastiki hiyo hukataa karibu kila gundi. Kinachoshika ni bolti. Tundu hutobolewa kwa keekee polepole, kwa ncha yenye kipimo cha bolti bila kuzidi, kisha kingo husafishwa kwa wembe. Bolti ya chuma kisichoshika kutu hupakwa lakiri ya baharini, hupitishwa, na upande wa ndani huwekewa kipande kipana cha plastiki ngumu na nati yenye kujikaza. Kipande hicho ndicho kinachogawa nguvu: bila hicho, siku samaki mkubwa atakapovuta, kishikio kitang'oka na kipande cha kayaki. Pale ambapo mkono haupenyi ndani ya bodi, hutumika ribiti za kutanuka au nati za mpira zinazovimba zikikazwa. Hizo zinatosha kwa vitu vyepesi. Nanga isishikizwe kwa ribiti ndogo.

Nyuma ya kiti wengi huweka kreti ya plastiki, ile ile ya kubebea maziwa au soda, wakaifunga kwa kamba za mpira na kuikazia mabomba ya kusimamishia fimbo. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote, na hakuna cha dukani kilichoweza kukishinda.

Kifaa ambacho mgeni hukidharau, na mzoefu hawezi kukosa, ni kamba ya kusogezea nanga. Makapi mawili madogo hufungwa ubavuni, moja karibu na omo na jingine karibu na tezi. Kamba hupitishwa ndani yake ikafungwa duara, na kwenye duara hilo huwekwa pete. Mvuvi hupitisha kamba ya nanga kwenye pete akiwa ameketi, kisha huvuta duara na pete ikakimbia hadi mwisho wa chombo. Sababu yake ni hii: mtu akifunga nanga hapo alipo, katikati ya ubavu, mkondo huisukuma kayaki huku kamba ikiushika upande mmoja. Ubavu ule huinama, maji hupanda juu yake, na chombo hupinduka katika muda mfupi kuliko wa kutafuta kisu. Nanga ikitokea omo au tezi, kayaki huulekea mkondo na kutulia. Katikati ya njia huwekwa boya na klipu ya kufunguka upesi, ili samaki mkubwa akikimbia au meli ikija, mvuvi aiache nanga ielee na boya lake, aende, arudi kuichukua baadaye.

Nanga yenyewe hukunjika na huwa na uzito wa kilo moja na nusu hivi. Kwenye miamba hunasa, na mtu aliyeketi hana nguvu za kuing'oa. Dawa yake ni ya zamani: mnyororo hufungwa imara kitakoni mwa nanga, si kwenye tundu lake la juu, kisha hulazwa kando ya mti wake na kushikizwa juu kwa kibanio chembamba cha plastiki cha kufungia waya. Ikinasa, mvuto mkali hukata kibanio, na nanga hutoka kinyumenyume ilivyoingia.

Sona ya kutafutia samaki imekuwa ya kawaida siku hizi. Kihisi chake huweza kubandikwa ndani ya bodi bila kutoboa, kwa kuwa sauti hupenya plastiki. Inachoshindwa kuvuka ni hewa. Povu moja kwenye gundi lapofusha mashine nzima. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 7 huendesha sona ndogo kutwa nzima, na za lithiamu zimepunguza sana uzito. Betri iwe ndani ya sanduku lisilopenya maji, chini na karibu na katikati ya chombo.

Huko La Jolla, betri ya pili huendesha kitu muhimu zaidi: tangi la chambo hai. Kwanza mvuvi hushusha mshipi wenye ndoano ndogo nyingi zilizofungwa manyoya, akavua samaki wa jamii ya vibua. Huwatia katika tangi nyuma yake, ambamo pampu ndogo hubadilisha maji bila kukoma. Kisha humtunga mmoja puani na kumwachia aogelee taratibu nyuma ya kayaki kando ya mwani. Anayetafutwa ni mkia-njano, samaki wa ukoo mmoja na kolekole, ambaye wa kilo 10 si wa ajabu. Akishika, hukimbilia msitu wa mwani akate mshipi.

Hapo kayaki huonyesha tabia yake. Haikai pahali kama boti, humfuata samaki. Mvuvi husafirishwa, na uzito wa chombo ukawa breki inayomchosha samaki kidogo kidogo. Mradi mvuto utoke omo, hakuna hatari. Ukitoka ubavuni, mvuvi hulegeza rili, huielekeza fimbo mbele na kuacha kayaki igeuke yenyewe. Kwa hiyo fimbo ya kayaki iwe ndefu kiasi cha kuweza kuzungusha mshipi mbele ya omo samaki akipita chini, lakini kishikio chake cha nyuma kiwe kifupi kisinase kwenye jaketi. Samaki akifika, hushikwa kwa wavu au kulabu, na haraka, kwani simba-bahari wa La Jolla wamejifunza kumsubiri mvuvi achoke. Si kila mahali panaruhusiwa pia. Tangu 1 Januari 2012, sehemu za pwani hiyo, zikiwemo hifadhi za Matlahuayl na South La Jolla, zimefungwa kwa uvuvi, na mwenye kayaki anatakiwa kujua mipaka yake sawasawa na nahodha wa meli.

Pwani ya KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, imezaa chombo cha namna nyingine kwa sababu ya jambo moja: mawimbi. Huko ufukwe ni wazi, na mvuvi lazima apasue safu za mawimbi yanayovunjika kila anapotoka na kila anaporudi. Kayaki zao ni ndefu na nyembamba, nyingi za nyuzi za kioo, sitaha yao ni tupu kabisa. Fimbo, sona, chambo na hatimaye samaki huingia katika tundu kubwa la sitahani lenye mfuniko, na hutolewa mawimbi yakishavukwa. Miguu hushikwa na mikanda. Mwenye kayaki iliyojaa vishikio na kamera za juu akijaribu kutoka ufukwe kama huo, atavikusanya mchangani kimoja kimoja. Hata kamba ya kafi, ambayo kwenye kilindi ni wokovu, wengi huifungua ndani ya mawimbi, maana kayaki inayobiringishwa ikiwa imefungamana na mtu humjeruhi.

Wanachofuata wavuvi hao ni nguru, yule yule anayeuzwa mnadani Mombasa, Tanga na Zanzibar. Humvua kwa kurambaza polepole, ndoano ikitanguliwa na kipande cha waya kwa sababu meno yake hukata mshipi wa nailoni. Mvuvi wa ngalawa wa pwani ya Afrika Mashariki angeielewa kazi hiyo bila kuelezwa. Tofauti iko kwenye chombo: ngalawa hupata utulivu wake kwa matengo yanayotandazwa pande zote mbili, na hivyo huweza kuwa nyembamba na bado ikabeba tanga. Kuna wenye kayaki Marekani na Ulaya ambao sasa hufunga maboya ubavuni kwa shabaha hiyo hiyo, na wanaovua wakiwa wamesimama huyahitaji hasa.

Juu ya yote haya, kifaa cha kwanza ni nguo. Mvuvi avae kulingana na joto la maji. Asubuhi yenye jua kali huweza kuwa juu ya bahari ya nyuzi 14. Gordon Giesbrecht, profesa wa Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada, ameeneza kanuni inayofundishwa sana kuhusu maji ya baridi kali: dakika moja ya kuidhibiti pumzi, dakika 10 ambazo mikono bado inatii, na saa moja hivi kabla ya fahamu kupotea. Katika dakika hizo 10 ndipo mtu anatakiwa awe amerudi juu ya kayaki. Kupanda tena ni lazima kufanyiwe mazoezi karibu na ufukwe, mara nyingi, na kayaki ikiwa imevikwa vifaa vyake vyote. Wengi hugundua siku hiyo kwamba kishikio walichokifunga kwa fahari kimekaa pale pale pa kupitisha kifua.

Jaketi livaliwe. Jaketi lililofungwa nyuma ya kiti halimfai aliyetumbukia. Redio ya VHF ya mkononi, isiyopenya maji, ikae kwenye jaketi hilo. Idhaa ya 16 ndiyo ya kuomba msaada, ingawa antena iliyo usawa wa kifua cha mtu aliyeketi haifiki mbali. Filimbi na bendera juu ya mlingoti husaidia, kwa kuwa nahodha wa boti ya kasi huona kayaki amechelewa. Gizani, sheria za kimataifa za kuzuia migongano humtaka mwenye chombo cha makasia awe angalau na tochi nyeupe tayari mkononi, aiwashe mapema. Na huko ufukweni abaki mtu anayejua saa ya kurudi.

Kazi humalizikia nyumbani, kwa mpira wa maji baridi. Chumvi huoshwa kwenye rili, makapi, klipu na hata zile bolti zisizoshika kutu, kisha kizibo cha tezi hufunguliwa na kayaki husimamishwa imwage. Matone machache ni kawaida. Kikitoka kikombe kizima, kuna bolti iliyolegea au tundu linalovuja, na bahari ya kesho isubiri hadi lipatikane. Njia rahisi ya kulitafuta ni kutia maji ya sabuni juu ya kila bolti, kupuliza hewa kidogo kwa mdomo kupitia tundu la kizibo, na kutazama povu linapotokea.